Tusiingoje Tiba ya Vinasaba Tumekunja Mikono

Mwezi Novemba 2023 Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuruhusu tiba inayorekebisha vinasaba vya mgonjwa wa selimundu, ugonjwa ambao wananchi wengi huuita sikoseli. Mwezi uliofuata Marekani nayo iliruhusu tiba mbili za namna hiyo. Kwa maradhi ambayo tangu kale mtu alizaliwa nayo na kufa nayo, hii ni habari kubwa, nasi twaipokea kwa furaha. Lakini hatuna budi kuuliza: habari hii yamfaa nini mtoto azaliwaye leo Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu au Busega?

Swali hili si la bure. Hukadiriwa kwamba kila mwaka watoto zaidi ya 11,000 huzaliwa na selimundu katika Tanzania, na nchi zenye idadi kubwa kupita hiyo ni chache mno. Kanda ya Ziwa ndiyo iliyobeba mzigo mzito. Uchunguzi uliofanyika Hospitali ya Bugando, Mwanza, na kutangazwa mwaka 2018, ulipima damu ya maelfu ya watoto wachanga wa kanda hiyo. Ulionyesha kwamba mtoto mmoja kati ya watano amerithi kinasaba kimoja cha selimundu, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia wana ugonjwa wenyewe. Hesabu hiyo ikiwekwa mbele ya wodi ya wazazi, kila mkunga ataona kwamba maradhi haya yapitia mikononi mwake mara nyingi kuliko anavyoyatambua.

Ugonjwa huu ni wa namna gani? Chembe nyekundu ya damu iliyo nzima ni ya mviringo, laini, na hupenya mishipa myembamba bila taabu. Ya mgonjwa wa selimundu, inapopungukiwa oksijeni, hujikunja mfano wa mundu wa kukatia mpunga, ikawa ngumu, ikanasa na kuziba njia. Hapo ndipo maumivu makali ya mifupa hutokea, mikono na miguu ya mtoto huvimba, damu hupungua, na wengine hupatwa na kiharusi wangali wadogo. Chanzo chake ni kosa la herufi moja tu katika maandishi ya kinasaba kinachotengeneza himoglobini. Mwenye kinasaba kimoja haumwi. Wakikutana mume na mke wenye kinasaba kimoja kimoja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mwenye viwili, naye ndiye mgonjwa.

Maana ya jambo hili ni nzito kwa nyumba zetu. Hakuna mtoto wa selimundu aliyerithi kwa mama peke yake. Baba ametoa nusu na mama nusu, wala hakuna kati yao aliyejua. Hivyo mume anayemfukuza mkewe kwa kuwa watoto wa tumbo lake wanakufa, na jirani anayenyoshewa kidole kuwa ndiye mchawi aliyewaroga, wote wawili wanaonewa kwa sababu ya ujinga. Uchawi haukuleta selimundu, wala kafara haiwezi kuiondoa.

Wala Kanda ya Ziwa si ngeni katika elimu ya ugonjwa huu. Katika miaka ya 1950 mtaalamu Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichunguza damu za watu wa Afrika Mashariki, wakiwamo wa Musoma, katika mkoa jirani na Simiyu. Ndiye aliyedhihirisha kwamba mwenye kinasaba kimoja cha selimundu hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Ndiyo sababu kinasaba hicho kimeenea palipo na mbu. Lakini katika hesabu zake za Musoma, zilizochapishwa mwaka 1956, mna jambo jingine la kutisha. Kati ya watoto wachanga 287, wenye ugonjwa walikuwa 9. Kati ya watu wazima 654, walikuwa 5 tu. Kama wagonjwa wangaliishi sawa na wenzao, watu wazima wenye ugonjwa wangalikaribia 20. Jibu la walikokwenda waliobaki liko makaburini. Hata katika zama zetu wataalamu hukadiria kwamba barani Afrika zaidi ya nusu ya watoto wa selimundu wasiotibiwa hufa kabla ya kutimiza miaka mitano, wengi wao bila ugonjwa wao kutajwa jina. Huandikwa malaria, huandikwa upungufu wa damu, na mambo huishia hapo.

Sasa tuitazame hiyo tiba mpya. Chembe mama za damu hutolewa katika mwili wa mgonjwa na kupelekwa maabara. Huko mojawapo ya tiba hizo hukata sehemu ya kinasaba ili mwili urudie kutengeneza himoglobini ile ya mtoto aliye tumboni, isiyojikunja. Mgonjwa hupewa dawa kali za kuusafisha uloto wake, kisha hurudishiwa chembe zake zilizorekebishwa. Kazi hiyo huchukua miezi mingi na hutaka hospitali yenye vyombo na wataalamu wa hali ya juu. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa tiba moja na dola milioni 3.1 kwa nyingine, kwa mgonjwa mmoja. Hata ile ya chini yazidi shilingi bilioni 5. Mkulima wa pamba wa Meatu hawezi kuilipa hata akiuza mavuno ya maisha yake yote pamoja na ng'ombe wa ukoo mzima.

Wako watakaosema kwamba mambo haya si yetu, tuwaachie matajiri. Sisi twakataa. Elimu ya selimundu ilijengwa pia kwa damu ya watu wa pande hizi, na wagonjwa walio wengi wako Afrika. Haki yetu katika tiba hiyo ni haki kamili. Mwaka 2019 taasisi ya utafiti wa afya ya serikali ya Marekani na mfuko wa Gates ziliahidi kila moja dola milioni 100 kutafuta tiba za vinasaba ambazo nchi maskini zitazimudu. Ahadi kama hiyo yafaa kudaiwa. Nchi yetu nayo haikulala: mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Wataalamu wanaojifunza kazi hiyo leo ndio watakaoweza kuipokea tiba ya vinasaba kesho.

Lakini wako pia wenye kosa la upande wa pili, nao ni wale wanaoingoja tiba hiyo kana kwamba kabla yake hakuna la kufanya. Iko dawa ya vidonge iitwayo haidroksiyurea. Nayo humfanya mgonjwa aongeze himoglobini ile ile ya utotoni ambayo tiba ya mabilioni huitafuta. Haiponyi, na yapasa inywewe kila siku kwa uangalizi wa mganga. Lakini utafiti uliofanywa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na kutangazwa mwishoni mwa mwaka 2018, ulithibitisha kwamba watoto walioitumia walipata maumivu machache, waliongezewa damu mara chache, waliugua malaria mara chache, na waliokufa walipungua. Tukiongeza penisilini ya kila siku kwa mtoto mdogo, chanjo, chandarua na dawa ya kuzuia malaria, tunazo silaha za kutosha kuanzia vita.

Kinachokosekana ni kumjua mgonjwa mapema. Kipimo chake ni tone la damu lichukuliwalo kisigino cha mtoto mchanga, lakini bado si kila mtoto azaliwaye nchini hupimwa. Kwa hiyo twasema wazi yanayopasa kutendeka Simiyu. Kipimo hicho kifike katika kila kituo cha afya cha wilaya zote, kisiishie katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Bariadi. Dawa zipatikane karibu na kijiji, kwa maana mama atakayetakiwa kwenda Mwanza kila mwezi kufuata vidonge ataacha kwenda. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 imhesabu mtoto huyu miongoni mwa wa kwanza kunufaika, kwa kuwa mahitaji yake ni ya maisha yote.

Wananchi nao wana sehemu yao. Wazee wetu huulizana habari za ukoo kabla ya ng'ombe wa mahari kuhesabiwa. Na waongeze swali la damu. Vijana wapime kwa hiari yao, wajijue, waamue wenyewe, pasipo mtu kutengwa wala kuaibishwa. Mwalimu asimchape mtoto anayelia mifupa akidhani ni mvivu. Mwajiri asimfukuze mzazi aliyekesha hospitalini. Na kila mwenye afya ajitolee damu, kwa sababu chupa moja yaweza kumvusha mtoto usiku mmoja.

Tiba ya vinasaba itafika, nasi tutazidi kuidai ifike kwa bei ya haki. Siku itakapofika Bariadi, itamponya yule tu tuliyemwezesha kuishi hadi siku hiyo. Kazi ya kumwezesha ni ya leo, nayo yaanza kwa tone moja la damu.