Pikapu Iliyonyanyuliwa na Tairi Zinazokwisha

Juma hili tunamjibu mama mmoja wa Kawempe, hapa Kampala, mke wa sajini mstaafu wa polisi. Anatuarifu kwamba mumewe aliinyanyua pikapu yao aina ya Hilux ili isikwame matopeni waendapo Luweero kununua mananasi. Fundi alikaza bolti mbili chini ya gari, na kazi ikaisha asubuhi ile ile. Matope hayawasumbui tena, lakini tairi mbili mpya za mbele zimelika upande mmoja kwa muda wa miezi minne. Fedha za tairi hizo zilitoka katika karo ya watoto, naye auliza kama waliuziwa tairi mbovu.

Haielekei, mama. Ziko Hilux za miaka ya 1990 ambazo mbele hubebwa na vyuma virefu vya msokoto mahali pa springi. Bolti zake zikikazwa, pua ya gari huinuka papo hapo. Lakini mikono inayoshika magurudumu huinama kuelekea chini, na fimbo za usukani huinama nayo. Tangu hapo magurudumu hayasimami wima kama yalivyokusudiwa, wala hayatazami mbele sambamba.

Gurudumu likipotoka digrii moja tu, jicho halitambui. Hata hivyo, katika kila kilomita tairi huburutwa kiubavu kiasi cha mita 17. Kutoka Luweero hadi Kampala ni kilomita zipatazo 60. Basi kila mzigo wa mananasi umeiburuta tairi kiubavu kwa kilomita nzima juu ya lami. Huko ndiko ilikokwenda karo.

Mnaweza kupima wenyewe uani. Egesheni gari mahali tambarare, usukani umenyooka. Tieni alama ya chaki katikati ya kila tairi ya mbele, upande wake wa mbele, kwa kimo ambacho utepe hautazuiwa na chuma chochote, mkapime umbali kati ya alama hizo. Lisukumeni gari mbele hadi alama zifike upande wa nyuma kwa kimo kile kile, mpime tena. Tofauti yapasa kuwa milimita chache. Ikikaribia sentimita nzima, mananasi na yangoje.

Kipimo hicho chaonyesha kasoro moja tu. Ulalo wa magurudumu wahitaji mashine, na hapa ndipo wengi wanapopunjwa: fundi hunyoosha usukani, hupokea malipo, akasema amemaliza. Mwambie mumeo adai karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Kwanza viungo vya usukani vilivyolegea vibadilishwe, kwa maana kupima juu ya kiungo kilicholegea ni kutupa fedha. Na gari likiwa limenyanyuliwa mno, marekebisho hufika mwisho kabla vipimo havijakaa sawa. Hapo dawa ni kulegeza zile bolti na kulishusha kidogo, ingawa bwana hatapenda.

Ndugu zetu wenye Land Cruiser ya ekseli moja nzima mbele wana shida nyingine. Tazama uma wa baiskeli ulivyolala nyuma kidogo. Ndiyo sababu mtu aweza kuachia mikono na baiskeli ikaenda sawa. Land Cruiser yenye springi za mviringo mbele, ikinyanyuliwa, ekseli huzunguka na mlalo huo hupungua. Tairi huenda zisilike, lakini usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na gari hutangatanga barabarani. Mashine huonyesha kasoro hiyo bila kuiponya. Ni lazima zifungwe bushi maalumu za kurudisha mlalo.

Jambo la mwisho, mama: pua ikiinuka, taa nazo huinuka. Zirekebishwe siku hiyo hiyo, kabla mumeo hajasafiri usiku, kwa kuwa anayekuja mbele yake katika barabara ya Bombo haoni kitu.