Kuruhusu au Kuzuia?

Ndugu msomaji, kila anayejifunza Kiingereza huambiwa kwamba kitenzi "let" maana yake ni kuruhusu. Ndivyo ilivyo. Lakini ujihadhari usomapo vitabu vya kale.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, niliwasomea wenzangu Biblia ya Kiingereza iliyopigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1611. Katika Waraka kwa Warumi, mlango wa 1, mstari wa 13, Paulo aeleza jinsi alivyokusudia mara nyingi kwenda Roma. Kisha lafuata neno hilo "let". Nikawafafanulia kwa sauti kubwa kwamba Paulo aliruhusiwa. Mzee mpishi wetu akauliza, "Mwalimu, kama aliruhusiwa, mbona hakwenda?" Sikuwa na jibu. Nikafungua Biblia ya Kiswahili, nikakuta kwamba alizuiliwa!

Sababu ni hii. Zamani Waingereza walikuwa na vitenzi viwili: "lætan", kuruhusu, na "lettan", kuzuia. Baadaye matamshi yakawa mamoja. Kile cha kuzuia kikafifia, lakini hakikufa kabisa. Neno lake limo hata leo katika pasipoti ya Uingereza, panapoombwa mwenye pasipoti apite bila kuzuiwa. Na katika tenisi, mpira wa kuanzia ukigusa wavu kisha ukaangukia mahali panapostahili, husemwa "let", nao hupigwa tena.

Basi, msomaji, maana ya neno isipopatana na habari yenyewe, usiwe na haraka ya kufundisha. Uliza kwanza, hata kwa mpishi.