Kumvua Mwanamke Nguo Si Kuenzi Sinema za Zamani

Najua wengi wenu mnakuja hapa kwa mapishi, mambo ya ngozi na mawaidha ya ndoa, na mimi leo nimekuja na habari za muvi za mapigano. Msinikimbie. Muvi hizi watoto wetu wanaziangalia, waume zetu wanaziangalia, na sisi wenyewe tunaziangalia huku tukikunja nguo. Tukikaa kimya, kuna wengine wanaowafundisha wanetu mwanamke ni nini.

Mimi nashona na kuuza nguo Kayanga, wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, mbali sana na bahari yenu. Biashara inanifikisha Omurushaka, inanivusha hadi Nkwenda na Murongo kule Kyerwa, ambako ng'ambo ya mto ni Uganda. Kote ninakopita nakuta kibanda umiza: mabati, mabenchi, spika moja kubwa, na mtafsiri anayepiga kelele kuliko bunduki zenyewe. Msimu wa kahawa vijana wakishika hela ndiyo vinajaa. Asiyetaka kukaa kwenye benchi anapeleka flashi dukani, anajaziwa muvi kumi, anaondoka.

Sina ugomvi na muvi za mapigano. Steringi akimfukuza jambazi na mimi nashangilia. Ugomvi wangu ni na aina moja ya muvi za siku hizi ambazo wajuzi wanazisifia kwamba eti zinaenzi sinema za zamani za miaka ya 1970. Ukiuliza wanaenzi nini hasa, hakuna anayekujibu vizuri. Basi nitajibu mimi.

Sinema zile za zamani huko Marekani zilikuwa za bei ndogo, za haraka haraka, na ziliishi kwa kunyonya kitu kimoja kinachovuta watu: damu, uchi au kashfa. Hata jina lake kwa lugha yao ni sinema za unyonyaji, hawakulificha. Sisi huku Karagwe tuna neno letu la biashara ya namna hiyo, butura. Mkulima mwenye shida anauza kahawa ingali maua mtini. Mnunuzi anampa hela kidogo, msimu ukifika anavuna yeye. Mkulima ana shamba, kahawa si yake. Sinema zile ziliwafanyia wanawake butura. Mwanamke alikuwa kwenye bango, mwenye hela alikuwa ofisini.

Nitawatendea haki, maana haki ni wajibu hata kwa usiyempenda. Mwaka 1973 ilitoka Coffy, na mwaka 1974 ikatoka Foxy Brown, zote mbili na Pam Grier, mwanamke mweusi aliyekuwa steringi mwenyewe wakati ambapo wenzake walipewa kubeba sinia tu. Katika Coffy ni nesi anayewasaka wauza dawa za kulevya walioharibu maisha ya mdogo wake. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na sitaki mtu aje kuniambia silijui. Lakini angalia bei aliyotozwa. Ili apewe bunduki ilibidi kwanza avuliwe. Steringi mwanaume wa wakati huo nani alimdai hivyo?

Sasa njoo kwenye hawa wanaoenzi. Mwaka 2007 Robert Rodriguez na Quentin Tarantino walitoa Grindhouse, muvi mbili ndani ya moja, na ndani yake wakaweka tangazo la muvi ambayo haikuwepo. Tangazo likapendwa, na mwaka 2010 ikatengenezwa kweli: Machete, ya Danny Trejo. Dakika za mwanzo tu anatokea mwanamke asiye na nguo hata moja. Baadaye kuna mwingine anavalishwa joho la mtawa na kushikishwa bunduki. Mimi si mkristo, lakini vazi la ibada la mtu ni stara yake, na kulifanya kichekesho ni kumkosea yeye na Mola wake.

Lakini lililonikaa moyoni ni la Jessica Alba. Kuna kipande yuko bafuni. Wakati wa kupiga picha alikuwa amevaa nguo zake za ndani, na zilikuja kuondolewa baadaye kwa kompyuta. Sisemi alilazimishwa, yeye na wao wanajua walivyoelewana. Nasema hivi: mtu alisimama mbele ya kamera akiwa amevaa, na ikaonekana kwamba muvi haijakamilika mpaka nguo zile zitoke. Mimi ni fundi, miaka yote kazi yangu ni kumvisha mtu. Nilipojua habari ile nilielewa kwamba kuna mafundi wengine duniani ambao kazi yao ni kinyume cha yangu.

Na msifikiri hayo yamebaki Marekani. Leo programu za simu zinafanya kazi ileile kwa picha ya binti yeyote, wa Michenzani au wa Kayanga. Kijana aliyezoea kuona mwanamke akivuliwa kwa kompyuta na watu wakapiga makofi, akimfanyia hivyo mtoto wa jirani atasema anatania tu.

Hapo ndipo nafika kwenye majibu yao mawili, maana wanayo mawili tu.

La kwanza: ni mzaha, ni kuwacheka wa zamani. Sawa. Lakini mzaha unamhitaji anayejua kinachochekwa. Mtoto wa miaka 14 kwenye benchi la Nkwenda hajawahi kuona sinema ya mwaka 1973, na mtafsiri hana muda wa kumweleza historia. Picha ile ile ambayo mjuzi wa Los Angeles anaiita utani, mtoto anaipokea kama ilivyo: mwili. Mzaha umebaki kwa mjuzi, uchafu umefika Kyerwa peke yake.

La pili: mwishoni mwanamke analipiza kisasi, kwa hiyo muvi iko upande wake. Dada zangu, hesabuni dakika. Mtu akidhalilishwa muvi nzima, akapewa bunduki kwenye robo saa ya mwisho, hajalipwa. Kisasi kile ni kibali tu cha kuonyesha yaliyotangulia, ili mtazamaji aondoke akijiona mtu mwema baada ya kutazama alichokuja kutazama.

Kuna jambo jingine ambalo fundi yeyote angeliona. Vijana fulani wa huku wanaojirekodia muvi zao kwa simu waliniletea picha niwashonee nguo ya steringi wa kike, kiblauzi cha ngozi kinachoishia kifuani na kaptula ya kubana. Nikawauliza, huyu atapiga ngumi saa ngapi? Nguo ya kupigana inataka nafasi kwapani, inataka msamba unaoruhusu mguu kupanda, inataka kitambaa kinachovutika. Nguo ile mtu akiinua mkono tu inapanda shingoni. Nguo haidanganyi. Ukimvalisha hivyo umeshasema hukumleta apigane, umemleta atazamwe. Niliwashonea suruali pana na shati refu la mikono, na binti wao akaruka ukuta bila kushika nguo.

Ukitaka kuenzi kwa vazi, inawezekana. Tarantino huyohuyo katika Kill Bill ya mwaka 2003 alimvalisha Uma Thurman suti ya njano yenye mistari myeusi, kumkumbuka Bruce Lee katika Game of Death. Suti imemfunika kuanzia shingoni hadi miguuni, na kila mpenzi wa kung-fu akaelewa. Yaliyobaki ndani ya muvi ile siyatetei, lakini suti naitetea.

Na kama mtu ataniambia mapigano bila uchafu hayauzi, nitamwambia avuke mpaka hapa tu. Kampala kuna mtaa wa mabanda unaitwa Wakaliga. Nabwana I.G.G., aliyekuwa mfyatua matofali, alikaa hapo akatengeneza Who Killed Captain Alex? iliyotoka mwaka 2010, kwa pesa inayosemwa haikufika dola 200. Bunduki ni vyuma chakavu, damu ni rangi, helikopta ni ya kompyuta na inachekesha. Wamewaenzi akina Rambo na Bruce Lee mpaka mmoja wa wahusika anaitwa Bruce U. Mtafsiri wao, VJ Emmie, anapiga porojo juu ya picha mwanzo mwisho, kama mtafsiri wa kibanda chochote cha huku mpakani. Dunia nzima imecheka nao, na mwaka 2019 muvi yao nyingine ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto. Hayo yote hayakupatikana kwa kumwanika mwanamke. Kampuni yenyewe inaitwa Ramon, kutoka majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. Huko ndiko kuenzi, dada zangu. Mtu anamkumbuka bibi yake kabla ya kamera kuwashwa.

Kwa nini mimi wa Kagera napiga kelele kuliko wengine? Kwa sababu sisi tunajua maumivu ya watu yanavyogeuzwa sinema. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia mkoa huu. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, daraja la Kyaka likavunjwa, na wanawake wakabakwa na kuchukuliwa. Mwaka 1981 ikatoka Kenya sinema ya Sharad Patel, Rise and Fall of Idi Amin, na Joseph Olita ndani yake. Ilikuwa sinema ya unyonyaji hasa. Iliuzwa kwa ukatili, kwa Amin mla watu, na Amin ndiye aliyekuwa steringi. Sasa fikiria kesho atokee mjuzi aseme anaienzi sinema ile, kwa damu zaidi na uchi zaidi, na aitumie vita yetu. Bibi zetu waliokimbia na watoto mgongoni watakuwa nini humo? Watakuwa miili ya dakika kumi kabla ya kisasi. Wengine wako hai, wanavuna kahawa zao, na wajukuu wao ndio walio kwenye mabenchi.

Kwa hiyo sitaki vibanda vifungwe. Wanaotaka vifungwe hawajui kijana wa Murongo jioni hana pengine pa kwenda. Nataka vitu vichache. Mwenye kibanda aandike umri mlangoni na auheshimu, maana Bodi ya Filamu inapanga madaraja ya umri na yeye anajua. Mwenye duka la kujaza flashi asimpe mtoto kile ambacho asingeangalia mbele ya mama yake. Watengeneza muvi wetu, wa Bongo na wa visiwani, wakitaka kuiga wajifunze Wakaliga. Na sisi akina mama, tuache kuondoka sebuleni kimyakimya picha mbaya ikitokea. Ukiondoka, mtoto anajifunza kwamba ni jambo la aibu kwako na la raha kwake. Kaa. Zima, useme kwa nini umezima, kisha muwashe nyingine.

Mwenye neno la kupinga alete, ila asiniletee neno mzaha, hilo nimeshalijibu. Allah atustiri sisi na mabinti zetu. Amin.