Bwana amepata kazi Kanada. Na bibi naye?

Mama mmoja wa Likasi ametuandikia hivi:

«Pasta, shalom. Bwana wangu anafanya kazi ya ordinatere mu kampani ya migodi kule Kolwezi, sasa miaka tisa. Ni yeye njo anaangalia resho yote ya ofisi. Mwezi uliopita, kampani moja ya Montréal ilimutumia kontra ya miaka miwili. Jamaa yote inafurahi. Lakini mimi nauguza wagonjwa hospitalini, sasa miaka 11, na ni mushahara wangu njo unalipa minervale ya wadogo wangu wawili na chakula cha mama yangu. Nikiuliza nitafanya nini kule, bwana anajibu: ‹Tutaona kule kule.› Mama mukwe anasema bibi anafuata bwana, basi. Mimi sikatae kwenda. Lakini niache kazi na nifuate tu? Nishauri.»

Mama mpenzi, asante kwa barua yako. Kuuliza hivi si uasi. Bibi anayeuliza watoto watakula nini anafanya kazi ya bibi mwenye akili. Na wewe baba, kama unasoma ukurasa huu, usiukunje. «Tutaona kule kule» ni neno la mtu anayekwenda sokoni peke yake. Halifai kwa mtu anayehamisha nyumba nzima.

Wengi wetu tunafikiri viza ni kama mlango: baba akiufungua, wote wanaingia, na kila mtu anafanya kazi anayotaka. Sivyo. Kila mtu ana karatasi yake, na karatasi ndiyo inayosema kazi gani imeruhusiwa.

Tuanze na karatasi ya baba. Kule Kanada, mtu aliyeitwa na kampani moja, mara nyingi ruhusa yake ya kazi inaandikwa jina la kampani ile ile. Hapa Kolwezi mtu akiachishwa mgodi mmoja, kesho anabisha hodi kwa mwingine. Kule anapaswa kwanza kupata patro mpya na ruhusa mpya.

Sasa karatasi ya mama. Bibi wa mfanyakazi anaweza kuomba ruhusa iliyo wazi, yaani isiyomfunga kwa patro mmoja. Lakini tangu tarehe 21 ya mwezi wa kwanza 2025, serikali ya Kanada imekaza sheria hii. Inaangalia mambo mawili. La kwanza ni daraja ya kazi ya bwana. Kila kazi ina namba ya tarakimu tano, na tarakimu ya pili inaonyesha daraja, toka 0 mpaka 5. Injinia wa programu ana namba 21231, basi daraja yake ni 1. Fundi wa resho ana namba 22220, daraja 2. Bibi wa mtu wa daraja 0 au 1 yuko ndani ya sheria. Kwa daraja 2 na 3, ni kazi zilizochaguliwa tu, na unapaswa kutafuta kama namba ya bwana iko kwenye orodha. Mnaona? Wanaume wawili wanaofanya kazi na ordinatere zile zile, na daraja zao si moja.

Jambo la pili ni wakati. Siku bibi anapoomba, ruhusa ya bwana inapaswa kubaki na miezi 16 au zaidi. Hesabuni pamoja nami. Miaka miwili ni miezi 24. Baba akitangulia, na mama akangoja mpaka mwezi wa tisa ndipo aombe, itabaki miezi 15. Mlango umefungwa. Hiyo ndiyo bei ya «tutaona kule kule».

Tena, mama, hata ukipata ruhusa iliyo wazi, kuuguza wagonjwa ni jambo lingine. Katika jimbo la Québec, mahali Montréal iko, hakuna mtu anayeitwa muuguzi bila kukubaliwa na Ordre des infirmières et infirmiers du Québec. Wanapima dipolomu yako, wanaweza kukuomba masomo ya kuongeza, na kuna mtihani. Si jambo la wiki mbili. Basi mwanzoni mfikiri maisha ya mshahara mmoja.

Ninyi vijana mnaosoma informatiki, mjue kwamba kila inchi ina sheria yake. Marekani, bibi wa mwenye viza ya H-1B anapewa H-4. Kwa hiyo anaweza kukaa, lakini haruhusiwi kufanya kazi mpaka bwana afike mbali katika njia ya kuomba makao ya kudumu. Nafasi hiyo yenyewe ilianza mwaka wa 2015. Na bwana akipoteza kazi, kwa kawaida ana siku 60 tu za kupata patro mwingine au kuondoka. Ujerumani ni kinyume: bibi wa mwenye Karte ya Buluu anaweza kufanya kazi yoyote, ila hospitali itamdai lugha ya Kijerumani na dipolomu iliyokubaliwa. Basi msiulize tu, «Watalipa dola ngapi?» Muulize pia, «Bibi yangu, au bwana wangu, atakuwa nani kule?»

Sisi watu wa migodi tungepaswa kufahamu jambo hili kupita wengine. Wazee wanakumbuka wakati wa Gécamines: nyumba ya kampani, posho ya unga, hospitali, masomo ya watoto, vyote vilitoka kwenye kontra ya baba. Mwaka wa 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10 000 waliondoka katika ile «depa volontere», na jamaa nyingi ziliona kwamba nyumba yote ilikuwa imetundikwa kwenye msumari mmoja. Ni mama na meza yake ya soko, au mwalimu na chaki yake, waliozuia nyumba nyingi zisianguke. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi nawashauri mfanye hivi, ninyi wawili kwenye meza moja.

Kwanza, baba aandikie kampani na aombe jibu la maandishi: namba ya kazi yake ni ipi, na ruhusa itakuwa ya miezi mingapi? Mtu akikudai feza ili akupe kazi hiyo, jihazari. Kule ni marufuku kumlipisha mfanyakazi gharama za kumtafuta.

Pili, mama aandikie Ordre sasa, angali Likasi, na akusanye dipolomu na barua za hospitali.

Tatu, usiandike barua ya kuacha kazi. Uliza kwanza kama hospitali inakubali usimamishe kazi kwa muda, bila mshahara.

Ine, mwende komini. Mahari na baraka ya kanisa ni vema, lakini ofisi ya viza inataka cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mtoto ambaye hakuandikishwa kwa wakati, karatasi yake inapita kwanza kwa hakimu.

Tano, mkae na jamaa. Nani atalipa minervale ya wadogo mpaka mama apate kazi? Kiasi gani, na mpaka mwezi gani? Muandike.

Majibu yakiwa mazuri, mwende pamoja na moyo mweupe. Baba akilazimika kutangulia, muweke tarehe ya mama kuomba, mbele ya mwezi wa nane kwisha. Na kama namba ya bwana haiko kwenye orodha, baba, mwambie bibi yako ukweli huo leo, kisha mkate shauri wote wawili. Kuongeza kontra Kolwezi na kutafuta kazi ya daraja ingine si haya.

Mama mukwe naye nampa heshima yake. Ni kweli, bibi anafuata bwana. Lakini bwana naye anapaswa kujua anampeleka wapi.