Vyuma Vimekaza, Halafu Unataka Vyuma Vipya?

Bumu liliingia Alhamisi usiku. Ijumaa asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye kimbweta nje ya maktaba, kitabu kimefungwa, simu iko wazi, natazama kwa mara ya tano video ya jamaa mmoja wa ng'ambo akijaribu vyuma vipya vya gofu. Anapiga mpira, kompyuta inaonyesha umbali, anageukia kamera macho yamemtoka kama mtu aliyeokota pochi. Na mimi macho yamenitoka. Rafiki yangu wa kozi akachungulia, akaona bei, akauliza swali moja tu: "Mwanangu, vyuma vimekaza nchi nzima, halafu wewe unataka vyuma vipya?"

Nilicheka, lakini swali lile lilinifuata mpaka hosteli. Makala hii ni jibu langu kwake, na kwa mwanachuo yeyote mwenye hela kidogo mfukoni na kitu kipya kinachomwita dirishani. Msimamo wangu nautaja mapema: usibadilishe kifaa mpaka uweze kutaja, kwa sentensi moja, kosa la kifaa cha zamani unalotaka kuliondoa. Ukishindwa kulitaja, basi unacholipia ni hamu tu.

Nijieleze kwanza, maana najua wengi wenu mkisikia gofu mnawaza wazee wenye vitambi na magari makubwa. Mimi niliingia uwanjani kwa mlango wa nyuma. Tangu kidato cha tatu nilikuwa kedi, yaani kijana anayembebea mchezaji mfuko wa fimbo na kumtafutia mpira majanini. Likizo na wikiendi kazi ilikuwa hiyo, na madaftari yangu mengi yalitoka huko. Jumatatu wanachama wanapopumzika, makedi tuliruhusiwa kucheza. Mzee mmoja niliyembebea kwa miaka mitatu, magoti yalipomkatalia, aliniita pembeni akanikabidhi vyuma vyake vyote, kuanzia namba tatu hadi weji. "Vitunze, kijana. Bado vina kazi." Vyuma vyenyewe vimenizidi umri.

Kwa wasioujua mchezo: vyuma ni zile fimbo zenye kichwa cha chuma kilichoandikwa namba. Namba ikiwa ndogo, uso wa fimbo unasimama zaidi, mpira unakwenda chini na mbali. Namba ikipanda, uso unalala, mpira unapaa na kutua karibu. Pembe hiyo ya uso ndiyo tunaiita lofti. Kanuni inaruhusu fimbo 14 tu mfukoni, kwa hiyo kila fimbo lazima iwe na kazi yake.

Kilichonitia wazimu ni shindano la mwezi uliopita. Nilizidiwa mikwaju miwili na kijana wa chuo kingine mwenye vyuma vya mwaka huu, hata karatasi ya nailoni kwenye mipini haijatoka yote. Kuna shimo la kama mita 140. Mimi nilishika sita. Yeye akashika nane. Jamani, nane! Mpira wake ukatua jirani na bendera, wangu ukaishia kwenye mchanga. Usiku ule nilijiambia: si mimi niliyeshindwa, ni vyuma vyangu.

Nikampata muuzaji. Hesabu yake ilikuwa rahisi: nimpe vyuma vya mzee, anipunguzie kidogo, niongeze milioni mbili. Milioni mbili, kwa posho yetu ya shilingi 10,000 kwa siku, ni siku 200 za kula na kulala. Bumu peke yake lisingefika, kwa hiyo nilipanga kuchanganya na akiba yangu ya ukedi pamoja na pesa niliyotenga kwa utafiti wa mwaka wa mwisho. Yaani nilikuwa tayari kwenda kukusanya data kwa miguu na kula wali maharage mpaka ninyooke, ili mradi nishike nane mahali nilipokuwa nashika sita.

Kabla sijatuma pesa nilipita kwa fundi wa fimbo, kedi wa zamani, mwenye kifaa cha kupimia pembe. "Shikamoo, fundi." "Marahaba, mwanangu. Leo umevunja nini?" Nikamweleza. Hakunijibu. Alichukua saba yangu, akaibana, akasoma: digrii 36. Nilikuwa nimeazima saba mpya kwa mwenzetu mmoja wa timu, toleo la mwaka huu. Akaibana: digrii 29. Kisha akachukua tano yangu ya zamani. Digrii 28.

"Sasa nani kakudanganya?" akauliza. "Hiyo saba yao ni tano yako iliyobadilishiwa namba."

Hapo ndipo nilianza kuelewa. Saba za miaka ya 1970 zilikuwa na lofti ya digrii 38 hadi 40. Watengenezaji wamekuwa wakizisimamisha kidogo kidogo, na leo saba nyingi zinazouzwa kwa wachezaji wa kawaida zina digrii 28 hadi 30. Ukiipiga dukani, lazima iende mbali kuliko saba yako. Mpira haujui kusoma namba iliyoandikwa chini ya fimbo. Yule kijana aliyenipiga hakuwa na nguvu za ajabu. Nane yake na sita yangu zilikuwa karibu fimbo moja.

Nisiwe mchoyo, maendeleo ya kweli yapo. Karsten Solheim, mhandisi aliyekuwa akifanya kazi General Electric huko Marekani, alianzisha Ping mwaka 1959 baada ya kuchoshwa na fimbo yake ya kusukumia mpira shimoni. Wazo lake lilikuwa kuondoa uzito katikati ya kichwa cha fimbo na kuusogeza pembezoni. Fimbo ya namna hiyo haipindi sana mkononi ukipiga mpira nje ya katikati, kwa hiyo pigo baya linakuwa baya kidogo tu. Wazo hilo likahamia kwenye vyuma, na limewasaidia watu wa kawaida kama sisi. Vyuma vya leo pia vina uzito uliokaa chini na nyuso nyembamba, ndiyo maana mpira bado unapaa hata kama uso umesimama. Huo ni ufundi, siukatai.

Ila vyuma vya mzee tayari vina uzito pembezoni. Hatua kubwa ilishapigwa kabla sijazaliwa, na mimi ninayo mfukoni. Ninachouziwa sasa ni hatua ndogo juu ya ile kubwa, kwa bei ya kubwa.

Nikaenda uwanja wa mazoezi na ile saba ya kuazima. Nikapiga mipira 20 kwayo, 20 kwa saba yangu, 20 kwa sita yangu. Saba mpya iliizidi saba yangu kwa mita kama 12. Dhidi ya sita yangu, zilitoka sare. Ila kwenye mapigo mabovu, nikiri, saba mpya ilinisamehe zaidi kidogo. Kidogo, si milioni mbili.

Halafu kuna kitu ambacho muuzaji hakukitaja. Weji ya seti ile mpya ina digrii 43. Yangu ina 48. Fimbo yangu ya mchangani ina 56. Leo nafasi kati ya weji na fimbo ya mchangani ni digrii 8, nairuka kwa kupunguza nguvu kidogo. Ningenunua seti mpya, nafasi ingekuwa digrii 13, na hapo katikati ndipo ninapopigia mapigo mengi ya kukaribia griini. Ningerudi dukani kununua fimbo nyingine ya kuziba pengo walilolitengeneza wenyewe. Ukinunua ng'ombe, uliza na bei ya kamba.

Kilichonivua nguo kabisa ni kadi zangu za alama. Nilikuwa nimetunza kadi za raundi kumi za mwisho, nikakaa nazo kwenye kimbweta kilekile, nikaandika kila mkwaju uliopotea umepotelea wapi. Nilitegemea vyuma viwe washtakiwa wakuu. Kumbe mikwaju mingi ilipotea ndani ya mita 50 za shimo, na mingine pale ninapoanzia, mpira unapokwenda porini. Hata lile shindano: nilisukuma mara tatu kwenye griini mbili tofauti. Mikwaju miwili niliyozidiwa ni hiyo hapo. Wala haikuhusu nane ya mtu.

Sasa, sisemi kila anayebadilisha vyuma ni mjinga. Kuna dada mmoja kwenye timu yetu alianza na fimbo za kaka yake. Ndefu, nzito, mipini migumu. Kila akipiga, mpira unakwenda kulia na chini, na mgongo unamuuma. Alipopata seti inayomfaa mwili wake, mtumba lakini yenye mipini myepesi, mchezo wake ulibadilika ndani ya mwezi. Yeye angeweza kutaja kosa kwa sentensi moja: "Fimbo hizi ni nzito kuliko mimi." Vivyo hivyo mtu ambaye nyuso za vyuma vyake zimelika mpaka mistari haionekani, au mtoto aliyerefuka. Hao wana hoja. Mimi sentensi yangu ilikuwa "yule jamaa alishika nane". Hiyo si hoja, ni wivu.

Nikamkumbuka pia Seve Ballesteros. Mhispania huyu alikua kwenye kijiji cha Pedreña, naye alikuwa kedi. Alijifunza gofu ufukweni kwa fimbo moja, namba tatu kuukuu. Kwa chuma hicho kimoja alijifunza kupiga juu, chini, mchangani, karibu na mbali. Mwaka 1978 alishinda mashindano ya Kenya Open hapo kwa jirani zetu, mwaka uliofuata akashinda The Open ya Uingereza, na hadi anamaliza alikuwa na mataji makubwa matano. Bila shaka akishakuwa bingwa alipewa vyuma vizuri, sidanganyi. Ninachosema ni kwamba mkono ulitangulia, vyuma vikafuata.

Na kuna jambo moja sikulitia kwenye hesabu hadi siku ya mwisho. Jumatatu ninapopata nafasi ya kurudi uwanjani, kuna dogo mmoja, kedi, anacheza na vyuma vyangu. Tunapokezana: mimi napiga, nampa fimbo, anapiga. Hana hata namba moja ya kwake. Muuzaji angevichukua vyuma vya mzee kwa bei ya kutupa, na mimi ningepata vyuma ambavyo, nijuavyo roho yangu, nisingevitoa mkononi hata kwa dakika. Ningeuza vyuma, ningeuza na Jumatatu ya dogo.

Basi nilifanya hivi. Nilimrudia fundi, akanibadilishia mipira ya kushikia kwenye vyuma vyote, maana ya zamani ilikuwa imekauka na kuteleza kama sabuni. Akapima kila fimbo, akanyoosha mbili zilizokuwa zimepinda. Tisa yangu ilikuwa imesogea digrii mbili, kumbe ndiyo maana haikueleweka. Gharama yote haikufika elfu 150. Kila jioni nisipokuwa na kipindi nasukuma mipira kwa nusu saa. Pesa ya utafiti iko palepale, na wiki ijayo napanda basi kwenda kukusanya data kama mtu mwenye akili zake.

Wewe pengine hujawahi kushika fimbo ya gofu na huna mpango huo. Lakini una simu ambayo toleo lake jipya limetoka juzi. Una laptopu unayoilaumu kwa mgawo mbovu wa muda wako. Una viatu vya mpira unavyovisingizia kila mkipoteza mechi ya mabweni. Kabla ya kutoa bumu, pima kwanza. Azima kipya, ukijaribu pembeni ya cha zamani. Uliza ni kitu gani kingine utalazimika kukinunua baada yake. Kisha taja kosa kwa sentensi moja, kwa sauti, mbele ya rafiki asiyekuogopa. Akikubali, nunua kwa amani, hela ni yako. Akicheka, mfikirie.

Wangu alicheka. Muuzaji bado ananitumia meseji kila Ijumaa, eti ofa inaisha. Na mimi kila Ijumaa namjibu kwa adabu kwamba vyuma vyangu bado vina kazi.