Msimwambie Mtoto Afumbe Macho

Mahafali ya kidato cha nne siku hizi hayakamiliki bila mhamasishaji. Akishawachekesha watoto vya kutosha, anawaamuru wafumbe macho wajione miaka kumi ijayo: wamefika, wana magari, wazazi wanalia kwa furaha. Ukijiona umefika, anawaambia, utafika. Wazazi kule nyuma wanapiga makofi. Wengine huenda mbali zaidi, wakawagawia wanafunzi kadibodi, gundi na magazeti ya zamani wakate picha za maisha wanayoyataka, wakazibandike ukutani juu ya kitanda.

Zoezi hili linasifiwa kuwa la ubunifu. Mimi naona ni uvivu uliovalishwa suti, na kwa kijana anayechagua kazi lina madhara.

Sisemi hivyo kwa sababu tu wahamasishaji wananichosha, ingawa wananichosha. Mwaka 1999 Lien Pham na Shelley Taylor walichapisha utafiti waliowafanyia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliokuwa wanakaribia mtihani. Baadhi waliambiwa kila siku wajione wamepata alama ya juu. Wengine waliambiwa wajione wanasoma tu, jinsi watakavyokaa na kufungua madaftari. Hawa wa pili ndio walioanza kujiandaa mapema, na ndio waliofanya vizuri. Mwaka 2002 Gabriele Oettingen na Doris Mayer wakaeleza yaliyowapata wahitimu wa Ujerumani waliokuwa wanatafuta ajira. Waliozama zaidi katika njozi tamu za kazi nzuri, miaka miwili baadaye walionekana wametuma maombi machache, wamepewa nafasi chache, na mishahara yao ilikuwa midogo kuliko ya wenzao.

Katika utafiti huohuo, kutarajia hakukumdhuru mtu. Aliyeamini atapata kazi, kwa kuwa mambo yake ya nyuma yalimpa sababu ya kuamini, alifanya vizuri. Kilichodhuru ni njozi. Mwenye njozi amekwisha kulamba asali. Mzinga atautundika wa nini?

Lakini hata tuseme njozi haimlegezi mtu. Bado nauliza: mtoto akifumba macho, anaona nini? Anaona alichokwisha kukiona. Ndiyo maana ukipita madarasani, Mtwara au Machakos, unakuta majibu yaleyale: daktari, rubani, mwanasheria, injinia. Hakuna anayejiona fundi wa kutengeneza mashine za eksirei, mpima ardhi, mkalimani wa lugha ya alama, wala mtu wa maabara anayepima maji ya bomba. Na hata huyo daktari wanayemwona si daktari, ni koti jeupe. Zamu za usiku hazimo katika picha, wala mafaili, wala ile dakika ya kutoka wodini kuwakabili ndugu wa mgonjwa ambaye ameshafariki. Mwanasheria wa njozini anaunguruma mbele ya jaji. Wa kweli anasoma mkataba wa kurasa tisini, kisha anakwenda mahakamani kuambiwa kesi imeahirishwa.

Tena zipo kazi ambazo haziwezi kuonwa kwa sababu bado hazijazaliwa. Wangari Maathai aliondoka Kenya mwaka 1960 kwenda kusoma biolojia Kansas, na mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Nairobi katika anatomia ya wanyama. Alikuwa mashambani akikusanya kupe, akichunguza ugonjwa wa ndigana, ndipo alipowaona ng'ombe waliokonda na mito iliyojaa udongo. Akaanza kujiuliza miti ilikwenda wapi. Mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Binti yule angefumba macho kutwa nzima kule Kansas, asingeiona kazi hiyo. Aliiona akiwa amefumbua macho, ameinamia ng'ombe.

Wenye zoezi lao wana jibu moja ambalo nalipa uzito. Wanasema mtoto wa maskini hana kingine zaidi ya matumaini, kwa hiyo usimnyang'anye. Basi tumtazame mtoto wa tajiri. Yeye hafumbishwi macho. Likizo inapofika baba anampigia simu rafiki yake, na Jumatatu mtoto yuko ofisini kwa mtu, anabeba mafaili, anasikia wakubwa wakigombana juu ya bajeti, anagundua kwamba uhasibu anauchukia. Kagundua bure, akiwa na miaka kumi na sita. Mwenzake wa kijijini atagundua hilohilo mwaka wa tatu wa chuo, akiwa na deni la mkopo mgongoni. Mmoja tumempa mlango, mwingine tumempa gundi na magazeti, halafu tunasema wote tumewapa ndoto.

Na sasa uamuzi unazidi kuwahi. Mtaala mpya wa Tanzania una mkondo wa jumla na mkondo wa amali tangu sekondari ya chini. Kenya, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walichagua mwaka 2025, wakiwa Gredi ya 9, kati ya sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Hao ni watoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano.

Sina ugomvi na mawazo ya kubuni. Nina ugomvi na kuyatuma kwenye sherehe badala ya kazini. Mwambie mwanafunzi aandike Jumanne ya kawaida ya muuguzi, saa tisa alasiri: amesimama tangu saa ngapi, anazungumza na nani, anajaza fomu gani, nini kinamkera. Ataandika mistari minne akwame. Hapo alipokwama ndipo zoezi linapoanza, kwa sababu sasa ana la kwenda kuuliza. Bill Burnett na Dave Evans wa Stanford, katika kitabu chao cha 2016, humtaka mtu achore maisha matatu tofauti ya miaka mitano mitano, kisha akawahoji wanaoyaishi na kuyajaribu kidogokidogo. Hiyo nafasi ya matatu naipenda. Mhamasishaji wetu anaruhusu moja tu, na lazima liwe na gari.

Kwa hiyo, wakuu wa shule, mahafali yajayo msimlipe mhamasishaji. Kodini basi. Zahanati iko karibu, karakana iko karibu, mahakama ya mwanzo iko karibu, na seremala aliyetengeneza madawati yenu bado mnamdai miguu miwili ya meza. Muulizeni kwanza yeye kama anaweza kukaa na wanafunzi wanane siku mbili, na mjiandae kumlipa.