Umbo Bila Mazingira ni Nusu ya Habari

Mwaka 2020 programu ya AlphaFold ilionyesha kuwa inaweza kubashiri umbo la protini nyingi kutokana na mpangilio wa asidi zake za amino. Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya 2024 ilipokwenda kwa David Baker, Demis Hassabis na John Jumper kwa kazi ya kusanifu protini na kubashiri maumbo yake, wapo walioona kwamba sasa maabara ifungwe, kompyuta itamaliza kazi. Toleo hili linawapinga.

Protini haibaki na umbo lake popote uiwekapo. Mwanabiokemia Christian Anfinsen alilionyesha hilo huko Bethesda, Marekani, kwa ribonyuklezi, kimeng'enya chenye asidi za amino 124. Alipokitia kwenye urea kali pamoja na kemikali inayokata vifungo vya salfa, kilikunjuka kikaacha kazi. Alipoviondoa vyote viwili, kikajikunja chenyewe na kazi ikarudi. Lakini vifungo vile vikiachwa viungane upya urea ikiwa bado imo, huungana ovyo na kimeng'enya hubaki karibu bure. Mnyororo ni ule ule. Kilichobadilika ni maji yaliyouzunguka.

Msanifu wa protini anafanya kazi kwenye ukingo mwembamba kati ya kujikunja na kuharibika. Katika chanjo kadhaa za UVIKO-19, asidi mbili tu za amino zilibadilishwa kuwa prolini ili protini ya mwiba wa kirusi isijifyatue ikageuka umbo kabla ya kinga ya mwili kuitambua. Picha moja ya umbo isingetosha kufikia uamuzi huo; ilibidi kujua protini inageukaje.

Kupima pia huvunja mazoea, kama yale ya kudhani kwamba insulini, ambayo nayo ni protini, lazima ikae kwenye friji. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichukua joto halisi la nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mashariki mwa Kenya, wakaliiga maabarani: kati ya nyuzi 25 na 37, likipanda mchana na kushuka usiku. Baada ya wiki nne, insulini ilikuwa na nguvu sawa na ile ya kwenye friji. Mgonjwa asiye na umeme alihitaji jibu hilo kuliko mchoro wowote.

Kwa hiyo tunaomba makala ya usanifu yatakayotufikia yaeleze protini ilipimwa kwenye joto gani, tindikali kiasi gani na chumvi kiasi gani. Yataje pia zile zilizogoma kujikunja. Programu iliyofundishwa kwa ushindi mtupu haiwezi kumwonya mtu kwamba mchoro wake utaharibika.